Mfanyakazi Mezani: Kusoma Umbo la Sheria ya VAT ya Uganda

Wahasibu wa Kampala husoma Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kurukaruka. Hufungua kifungu wanachokitaka, wakachukua namba, wakaendelea na kazi. Siwalaumu, maana ritani ina tarehe yake, ya 15 ya mwezi unaofuata, na tarehe hiyo haina subira. Lakini sheria hii ni maandishi yaliyopangwa. Ina watu wanaotajwa na wasiotajwa, ina sentensi ndefu na fupi, ina mambo yaliyowekwa kifuani na mengine yaliyosukumwa kwenye majedwali ya nyuma. Mtu akiisoma kwa jicho analolitumia kwenye utenzi au riwaya, ataona vitu visivyoonekana kwa msaka-namba.

Nimeisoma hivyo nikiwa na swali moja dogo. Kampuni iliyoko Kampala inayouza huduma au bidhaa nje ya nchi huwakatia wafanyakazi wake bima. Mauzo yake ya nje hutozwa kodi kwa kiwango cha sifuri, na kwa hiyo kila kodi iliyolipa kwenye manunuzi yake ina haki ya kuidai irudi. Je, ile iliyomo kwenye bima ya wafanyakazi inarudi?

Kwanza umri wa maandishi haya. VAT ilianza kutozwa Uganda tarehe 1 Julai 1996 kwa asilimia 17, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo iliyokuwapo, na wenye maduka wa katikati ya Kampala waliipokea kwa kufunga maduka. Mwaka 2005 kiwango kikapanda hadi asilimia 18. Tangu hapo karibu kila bajeti imekuja na marekebisho, hata sheria imejaa viraka vya mikono mbalimbali. Toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika mwaka 2024 limebadilisha namba za sura na za vifungu vingi. Mimi nitatumia namba za zamani, kwa sababu ndizo zilizomo kwenye hukumu na vinywani mwa watu.

Kifungu cha 28 ndicho moyo wa jambo letu. Sentensi yake kuu imejengwa kwa ngazi tatu. Inaanza kwa kutoa: mlipakodi ataruhusiwa kupunguza kodi ya manunuzi. Kisha inataja chanzo cha kodi hiyo, yaani ugavi wote unaotozwa kodi aliouziwa katika kipindi husika, pamoja na bidhaa alizoingiza nchini. Sharti linakuja mwishoni kabisa, baada ya msomaji kwisha kukunjua mkono apokee: iwapo vitu hivyo ni kwa matumizi ya biashara yake.

Mtindo huu wa kutanguliza haki na kuchelewesha sharti unamfanya msomaji ayakimbilie maneno ya mwisho. Macho yote hutua kwenye "matumizi ya biashara". Hapo ndipo mawakili hupenda kupigana, kwa sababu hapo pana nafasi ya kupigana. Bima ya matibabu ya karani ni matumizi ya biashara, au ni zawadi kwa karani? Mtu anaweza kuandika kurasa arobaini.

Kumbe bima ya matibabu haifiki huko. Imeshaanguka kwenye ngazi ya pili, kwenye nomino, kabla ya sharti lolote. Sentensi inazungumzia ugavi *unaotozwa kodi*, na bima ya afya nchini Uganda haitozwi. Iko katika Jedwali la Pili, orodha ya vilivyosamehewa. Ankara ya bima ya afya haina mstari wa VAT, na penye kukosekana mstari wa VAT hapana cha kudai. Kesi imekwisha bila mtu kuuliza karani ni nani na bima inamsaidia nini. Sifa ya nathari ya sheria ni hiyo: uamuzi mzito unaweza kufanywa na kivumishi kimoja, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Hata hivyo kifungu hiki hakikumsahau mfanyakazi kabisa. Baada ya kutoa haki, kinaorodhesha vitu ambavyo kodi yake hairudi hata kama ni vya biashara. Orodha ni fupi mno: magari ya abiria pamoja na matengenezo na vipuri vyake, burudani, na asilimia 10 ya kodi ya huduma za simu. Kila kimoja kinamtuhumu mwajiri kwa jambo fulani, kwamba gari la ofisi litampeleka harusini, kwamba chakula cha mteja ni karamu ya marafiki, na kwamba katika kila simu kumi moja ni ya nyumbani. Hiyo ya simu naipenda kwa uwazi wake. Mwandishi wa sheria alikata tamaa ya kupambanua, akakata fungu.

Ndani ya kipengele cha burudani ndimo anamotokea mfanyakazi. Sheria inasema kodi ya burudani hairudi, isipokuwa kwa yule ambaye biashara yake ni burudani yenyewe, na isipokuwa mwajiri anayewapa wafanyakazi wake chakula au viburudisho katika jengo analoliendesha yeye au linaloendeshwa kwa niaba yake, kwa faida yao peke yao. Basi. Katika kifungu kizima cha kodi ya manunuzi, hapo ndipo mfanyakazi anapopewa nafasi yake: yuko mezani, anakula. Haugui, haanguki kutoka juu ya ngazi, hazai, hafi.

Sidhani kama ni ukatili. Ni hulka ya orodha. Orodha ya makatazo humtaja mtu pale anapotiliwa shaka, na mfanyakazi wa mwaka 1996 alitiliwa shaka kwa sababu ya chakula tu. Bima haikuhitaji kutajwa, maana wakati huo bima zote zilikuwa zimesamehewa.

Linganisha na India, ambako suala hili hili lilizaa maandishi ya tabia nyingine kabisa. India ilikuwa na kodi ya huduma tangu 1994, na Kanuni za Mikopo ya Kodi za mwaka 2004 ziliwaruhusu wauzaji wa nje kudai warudishiwe kodi ya huduma walizonunua. Tafsiri ya huduma hizo ilikuwa pana sana, ikigusa shughuli yoyote inayohusiana na biashara. Wadai walijaa mabarazani wakidai hata kodi ya bima za vikundi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Karnataka iliwakubalia waajiri katika mashauri ya namna hiyo: sheria inamlazimisha mwajiri kuwahudumia watu wake, basi gharama ya kuwahudumia ni gharama ya biashara. Serikali haikungoja mabishano yaishe. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2011 ilibadilisha tafsiri, ikaorodhesha visivyokubalika: chakula cha kuletwa, urembo, afya, upasuaji wa kujipamba, uanachama wa klabu, mazoezi ya mwili, bima ya maisha, bima ya afya, na safari za likizo, pale vinapotumika hasa kwa manufaa binafsi ya mfanyakazi.

Orodha hiyo ni picha kamili ya mtu. Ana mwili, ana sura anayotaka kuirekebisha, ana klabu, ana likizo. Bima ya afya imewekwa safu moja na kucha za rangi, na ujirani huo tayari ni hukumu. Lakini aya ile imeacha upenyo kwa neno "hasa". Mkaguzi na mwajiri wakabaki wanavutana juu ya neno hilo mpaka kodi ya huduma ilipofutwa na kodi ya bidhaa na huduma (GST) kuingia tarehe 1 Julai 2017.

Sheria ya Uganda haina picha hiyo wala upenyo huo. India ilisema "hapana" kwa sauti, kwa maneno mengi, na kwa kusema ikafungua ubishi. Kampala ilisema "hapana" kwa kunyamaza, tena katika jedwali lenye jina la upole.

Jina lenyewe la jedwali limewapotosha wengi. Majedwali mawili yanafuatana. La Pili ni la vilivyosamehewa, la Tatu ni la vinavyotozwa sifuri. Kwa mnunuzi aliyesimama kaunta, yote mawili yanatoa jibu moja, kwamba hapa huongezewi kodi. Kwa sura, la Pili linaonekana ndilo lenye huruma zaidi. Ni refu, limejaa shule, matibabu, mazao ghafi ya shambani na mambo mengine ya maisha ya kila siku, na neno "msamaha" lina uzito wa rehema. La Tatu linasomeka kama mafuta ya mashine: sifuri ni hesabu.

Kimuundo ni kinyume. Anayeuza kilichotozwa sifuri anahesabiwa kuwa ameuza kitu kinachotozwa kodi, na kwa hiyo hudai kodi yote aliyolipa alipokuwa akikitengeneza. Anayeuza kilichosamehewa hadai kitu. Kampuni ya bima ya afya pale Kampala inalipa VAT kwenye pango la ofisi, kwenye programu za kompyuta, kwenye karatasi, kwenye ada ya wakaguzi wa hesabu. Kodi hiyo haiwezi kuirudisha kwa sehemu inayohusu bima ya afya, basi inaiingiza kwenye bei. Mwajiri anapolipa mchango wa bima, analipa na kodi iliyoyeyukia humo. Haina mstari kwenye ankara, kwa hiyo haina pa kudaiwa. Mauzo yake ya nje yanatakiwa yatoke Uganda bila chembe ya VAT, na chembe hiyo imo.

Mwaka 2014 Bunge lilifanya jambo ambalo kwa macho ya mhakiki ni la kuvutia kuliko lolote katika historia ya jedwali hili. Liliondoa msamaha wa bima kwa ujumla, likabakiza bima ya maisha, bima ya afya na aina nyingine chache. Badiliko la maneno machache tu. Lakini tangu siku hiyo mfanyakazi yule yule amegawanywa mara mbili.

Tuchukue ankara mbili za mwajiri mmoja, kwa namba za mfano. Ya kwanza ni ya bima ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlazimu mwajiri kuikata. Mchango ni shilingi milioni 20. Chini yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.5, yaani laki moja. Kuna ushuru wa stempu, shilingi 35,000. Halafu kuna VAT ya asilimia 18, milioni tatu na laki sita na ushei. Mistari minne, kila mmoja na jina lake. Ya pili ni ya bima ya afya ya wafanyakazi hao hao. Tuseme ni milioni 100, mara tano ya ile ya kwanza. Mstari wa VAT haupo.

Mhasibu wa kampuni inayouza nje ataiweka ya kwanza kwenye madai yake. Imetozwa kodi, na kwa kuwa ni sheria iliyomlazimisha mwajiri kukata bima hiyo, na kwa kuwa anayejikinga na deni la fidia ni mwajiri mwenyewe, sioni mtu atasemaje kwamba si kwa matumizi ya biashara. Milioni tatu na laki sita zitarudi. Ya pili ataifaili tu. Kodi iliyojificha humo huenda ni kubwa au ndogo, hawezi kujua. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo: mfanyakazi akivunjika mguu kiwandani, bima yake iko safi kwa kodi, akiugua malaria nyumbani, bima yake imebeba kodi isiyotoka. Hakuna aliyeamua hivyo kwa makusudi, nadhani. Ni matokeo ya neno "isipokuwa" kutiwa mahali fulani.

Kati ya hizo mbili iko bima ya ajali binafsi ya kikundi. Si ya maisha, si ya afya, na anayelipwa ni mfanyakazi au familia yake. Hii ndiyo inayovuka nomino na kufika kwenye sharti la mwisho la kifungu cha 28, na ndipo swali la India linapozuka Kampala: ni kwa matumizi ya biashara ya nani? Maandishi hayasemi, na orodha ya makatazo haiitaji. Kwa kusoma umbo, mimi ningesema inarudi. Sheria iliyojua kukataza simu kwa asilimia 10 ingejua kukataza bima kama ingetaka.

Nitapita haraka kwenye kanuni ya mgawanyo, ingawa ina uzuri wake. Anayeuza vyote viwili, vinavyotozwa na vilivyosamehewa, huchukua kodi yote ya manunuzi akaizidisha kwa sehemu ya mauzo yake yanayotozwa. Sehemu hiyo ikiwa chini ya 0.05 hapati kitu, ikizidi 0.95 anapata yote. Ghafla nathari inageuka hesabu, na hesabu ina kingo kali. Mwenye 0.94 anapoteza asilimia 6 ya kodi yake, mwenye 0.96 hapotezi hata senti. Kwa muuzaji wa nje kanuni hii kawaida haina madhara, kwani sifuri yake inahesabiwa upande wa vinavyotozwa. Inamgusa kwa njia ya mzunguko: kampuni ya bima inayouza bima ya magari pamoja na ya afya inaitumia, na jinsi magari yanavyozidi katika biashara yake ndivyo uwiano wake unavyopanda na kodi inayobaki kwenye gharama zake inavyopungua. Hivyo kodi iliyomo kwenye bima ya muuguzi wa kliniki ya kiwandani inategemea kampuni ile imeuza bima ngapi za magari. Hilo hulipati kwa kusoma kifungu kimoja kimoja.

Sasa marejesho yenyewe. Kifungu cha 42 kinasema kodi ya manunuzi ikizidi ya mauzo, Kamishna Mkuu wa mapato atarudisha ziada ndani ya mwezi mmoja tangu ritani ilipotakiwa au ilipowasilishwa. Sauti ni ya amri, haina "anaweza". Kisha inafuata punguzo: ziada ikiwa chini ya shilingi milioni tano, isogezwe mbele ikatwe kwenye kodi zijazo. Kisha punguzo juu ya punguzo: isipokuwa kwa mwekezaji na kwa yule ambaye kwa sehemu kubwa anauza vya kiwango cha sifuri. Muuzaji wa nje amewekwa hapo, tabaka la tatu la sentensi, ndani ya mabano ya mabano. Anapewa upendeleo mkubwa kuliko wote, na ni lazima achimbe ili auone. Sababu ni ya busara. Kumsogezea mbele mtu asiyekuwa na kodi ya mauzo ni kumwahidi kitakachokatwa kwenye kisichokuwapo.

Ukali wa amri ile unalegezwa mahali pengine, mbali, kwenye Jedwali la Tatu linapoeleza nini ni kuuza nje. Bidhaa zimeuzwa nje iwapo zimefikishwa nje ya Uganda. Huduma zimeuzwa nje iwapo ni za kutumika nje ya Uganda. Vipengele hivi viwili vimefumwa sambamba, neno kwa neno, na vyote vinaishia na mkia mmoja: kama inavyothibitishwa na hati zinazokubalika kwa Kamishna Mkuu. Kwa maua yanayopandishwa ndege Entebbe mkia huo ni mwepesi, kwani forodha ina karatasi zake. Kwa kampuni ya Kampala inayopokea simu za wateja wa benki ya Ulaya, au inayoandika programu kwa mteja wa Nairobi, mkia ndio sentensi yote. Huduma haipiti mpakani Malaba ikapigwa muhuri. Mtenda katika sentensi ni hati, na mwamuzi wa hati ni yule yule anayedaiwa fedha. Usambamba wa maneno umefunika tofauti ya vitu.

Tangu 2021 umeongezeka mkono mwingine, mfumo wa EFRIS wa ankara za kielektroniki. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kikuubo na mitaa jirani walifunga maduka kwa siku kadhaa kuupinga, kama wenzao wa 1996. Kwa swali letu, mfumo huo ni msomaji mpya wa sheria, na ni msomaji wa herufi tu. Hauulizi matumizi ya biashara. Unatafuta mstari wa VAT uliotoka kwenye mtambo.

Kenya imetupa jaribio la wazi la tofauti kati ya majedwali. Huko bima karibu zote zimesamehewa, hivyo mfanyakazi hajagawanywa. Lakini mwaka 2021 huduma zinazouzwa nje ziliondolewa kwenye sifuri zikapelekwa kwenye msamaha, na wauzaji wakalalamika mara moja kwamba wamepoteza marejesho yote, ya umeme na ya pango. Baada ya kuhamahama, Sheria ya Fedha ya 2023 ilizirudisha kwenye sifuri. Aliyesoma majina ya majedwali angedhani Kenya iliwapa msamaha mwaka 2021.

Kwa hiyo tungeandikaje upya? Uganda haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi; Bunge lilipitisha muswada Machi 2021 lakini haukuwa sheria. Kwa wafanyakazi wengi wenye bima, bima ni ile ya mwajiri. Kuihamishia Jedwali la Tatu kungewaondolea wote kodi iliyojificha, na kungeikosesha hazina fedha ambazo leo inazipata kimyakimya. Njia ya pili ni kuitoza asilimia 18 kama bima ya fidia. Muuzaji wa nje angefurahi, kwa sababu angeilipa leo na kuidai mwezi ujao, pamoja na ile ya ndani iliyokuwa imezama, maana kampuni ya bima nayo ingeweza sasa kudai ya kwake. Shule binafsi, hospitali ya misheni na shirika lisilouza chochote kinachotozwa kodi wangeilipa asilimia 18 nzima, bila pa kuidai, kwa ajili ya walimu na wauguzi wao. Muuzaji wa nje na hospitali ya misheni wananunua bima ile ile, pengine kutoka dirisha lile lile, na mstari mmoja wa Jedwali la Pili ndio unaowafanya wawe na maslahi yanayopingana.